Mifupa Dhaifu Hata Kabla ya Dawa

Kijana aliyebadili jinsia akipimwa na mifupa yake ikakutwa dhaifu, lawama zote hutupiwa dawa za kusitisha balehe. Lawama hizo zina msingi: estrojeni na testosteroni ndizo hukomaza mifupa umri huo, na zikizuiwa, ujenzi wake hupungua kasi. Lakini dawa si maelezo kamili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta baadhi ya vijana hao, hasa waliozaliwa wavulana, wana udhaifu huo kabla ya kuanza tiba. Wenye mifupa dhaifu walifanya mazoezi machache zaidi, na kwa jumla kalsiamu katika mlo haikutosha. Anayekwepa uwanja wa michezo kwa kuogopa kudhihakiwa huikosesha mifupa yake mikikimikiki inayoiimarisha.

Wapo watakaosema homoni za jinsia wanazopewa vijana hao baadaye hurekebisha yote. La hasha. Watafiti wa Amsterdam walionyesha mwaka 2023 kwamba viwango vingi vya uimara wa mifupa vilirejea kama vilivyokuwa kabla ya tiba, isipokuwa vya uti wa mgongo sehemu ya kiuno kwa waliozaliwa wavulana. Kwa hiyo, mifupa ipimwe kabla ya tiba, na mazoezi na lishe viandikwe pamoja na dawa.