Mwani wa Pwani na Jua la Shinyanga

Mzazi wa Kahama au Geita anayeuziwa sabuni ya mwani kwa maelezo kwamba inakinga jua anastahili jibu lililo wazi, hasa iwapo mtoto wake ana ualbino. Jibu ni kwamba haikingi. Hata hivyo, sababu yafaa ielezwe, kwa kuwa ndani ya madai hayo mna chembe ya ukweli.

Mwani mwekundu huishi katika maji ya kina kifupi, ukichomwa na jua mchana kutwa. Hauna melanini kama ngozi yetu. Badala yake aina nyingi hutengeneza kemikali ziitwazo amino-asidi za jamii ya mikosporini. Kemikali hizi hufyonza mionzi ya urujuanimno na kuigeuza kuwa joto lisilodhuru chembe hai. Mojawapo, porifira-334, ilipewa namba hiyo kwa kuwa hufyonza zaidi mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 334. Huko Ulaya dondoo la mwani wa jamii hiyo tayari hutiwa katika vipodozi.

Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, zaidi na wanawake, ni spinosamu na kotonii. Sehemu kubwa huuzwa nje kwa ajili ya karajini, ambayo hufanya vyakula na krimu viwe vizito. Karajini si kinga ya jua. Na sabuni, hata ingekuwa na kemikali za kinga, huoshwa ikaondoka na povu lake.

Shinyanga iko karibu na Ikweta, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miti ya kivuli ni michache. Katika kituo cha Buhangija watoto wenye ualbino walikusanywa ili kuwaepusha na wauaji. Lakini kuta haziwaepushi na jua la uwanjani, na madhara ya jua huanza kujikusanya tangu utotoni. Saratani huja baadaye, aghalabu usoni, masikioni na shingoni.

Kinga iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yao ipo: Kilisun, mafuta yanayotengenezwa Moshi, katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC. Hupakwa kabla ya kutoka nje, kwa wingi wa kutosha, na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Tumeona wengi wakipaka uso peke yake na kusahau masikio, shingo na migongo ya mikono. Mafuta hayachukui nafasi ya kofia pana na mikono mirefu, huvisaidia tu.

Neno moja kwa akina mama wa mialo ya Geita. Zebaki mnayoiona ikikamata dhahabu ndiyo hiyo hiyo hutiwa katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Huzuia utengenezaji wa melanini, na hudhuru figo. Anayeipaka hujivua kinga aliyozaliwa nayo, kisha huenda kuponda mawe juani.

Kwa mhudumu wa zahanati: mtu mwenye ualbino akija hata kwa malaria, mwombe avue kofia, utazame nyuma ya masikio. Kidonda kisichopona kwa wiki nne kipewe rufaa, hata kama hakiumi.