Desemba Mbali na Nyumbani: Sikukuu za Jamaa ya Moffat wa Kuruman

Kila mwaka Desemba ikikaribia, akina mama huanza hesabu zao: nguo za watoto, mchele, kuku, nauli ya kwenda kijijini kwa babu na bibi. Hesabu hizo huchosha, lakini zina faraja ndani yake, kwa maana zinatukumbusha kwamba tuna mahali pa kwenda na watu wanaotungoja. Lakini mama afanyeje sikukuu inapomkuta katika nchi isiyo yake, akiwa hana mama mzazi wa kumsaidia jikoni wala shangazi wa kuwapokea watoto?

Swali hili ni la familia zote zilizotumwa mbali kwa kazi ya Injili, na za wale waliohamia ugenini kutafuta ajira. Ili tupate la kujifunza, tuitazame jamaa moja iliyoishi hivyo kwa miaka hamsini: Robert na Mary Moffat, wamisionari wa Kuruman, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, pembeni mwa jangwa la Kalahari.

Harusi bila ndugu

Mary Smith alikuwa binti wa mwenye bustani za miche huko Dukinfield, karibu na mji wa Manchester, Uingereza. Robert Moffat, kijana wa Kiskoti, alikuja kufanya kazi katika bustani hiyo, na hapo wakapendana. Lakini Robert alikuwa ameitikia mwito wa kwenda Afrika pamoja na Shirika la Misheni la London, na wazazi wa Mary hawakutaka kumwachilia binti yao wa pekee. Robert akaondoka peke yake, akafika Cape Town Januari 1817. Mary alibaki akiomba na kungoja, mpaka wazazi wake wakalegea na kumpa ruhusa.

Alifika Cape Town Desemba 1819. Tarehe 27 mwezi huo, siku mbili baada ya Krismasi, wakafunga ndoa. Hebu fikiri, mama msomaji, bibi arusi wa miaka 24, hana baba wa kumsindikiza wala mama wa kumfunda usiku wa kuamkia harusi. Kanisani hapakuwa na ndugu yake wa damu hata mmoja. Wiki chache baadaye alikuwa ndani ya gari la kukokotwa na maksai, akielekea kaskazini, safari ya kama kilomita 1,000. Walifika kwa Watlhaping, kabila mojawapo la Watswana, mnamo Machi 1820.

Sikukuu yao haikuwa kama tunavyodhani

Wengi wetu tukisikia habari za sikukuu katika nyumba ya mmisionari wa zamani, tunaona mbele ya macho yetu mti uliopambwa, kadi na zawadi. Kumbe mambo hayo hayakuwapo. Kadi ya kwanza ya Krismasi ilichapishwa Uingereza mwaka 1843, na desturi ya mti wa Krismasi ilienea huko katika miaka ya 1840 kwa mfano wa Malkia Victoria na mumewe. Mary aliondoka kwao mwaka 1819. Hakuwa ameacha nyuma mti wowote.

Robert naye alitoka Scotland, ambako tangu siku za Matengenezo ya Kanisa Krismasi haikupewa uzito. Waskoti walisherehekea zaidi mwaka mpya, na tarehe 25 Desemba haikuwa siku ya mapumziko ya taifa huko hadi mwaka 1958. Kwa hiyo tusimfikirie mama huyu kuwa alilia kwa kukosa mapambo. Alichokosa ni watu. Barua ya kutoka Kuruman ilichukua miezi kufika Uingereza, na jibu lake miezi mingine. Salamu za mwaka mpya zingeweza kumfikia mama mzazi wakati mwaka wenyewe umekwisha kuwa mzee.

Tena hali ya hewa ilikuwa kinyume kabisa na aliyoizoea. Kule kwao Desemba ni baridi kali na giza linaloingia mapema. Kuruman ni jua la kiangazi, vumbi, na macho ya watu wote yakitazama mawingu, kwa kuwa hayo ndiyo majira ya mvua. Mvua ikikataa, mifugo hufa na watu hupata njaa. Katika miaka ya mwanzo ukame ulikuwa mkali, na wenyeji wakaona kwamba wageni hawa ndio wanaoizuia mvua. Siku moja mkuu mmoja alikuja na watu wake, mkuki mkononi, akiwaamuru waondoke. Robert akafungua kifua chake na kuwaambia wampige wakitaka, lakini hataondoka. Mary alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mchanga mikononi. Wakuu wale wakatazamana, wakaenda zao.

Sakafu ya samadi

Tunajua habari za nyumba hii kwa sababu Mary aliandika barua nyingi, na jamaa zake wakazitunza. Katika barua moja anaeleza jinsi alivyofundishwa kupiga sakafu kwa samadi ya ng'ombe. Mwanzoni hakupenda hata kusikia jambo hilo. Kisha akaona kwamba samadi hutuliza vumbi na kufukuza viroboto, na hatimaye akawa anangojea kwa hamu siku ya kupiga sakafu kila juma.

Wasomaji wetu wengi waliokulia vijijini watatabasamu. Kwetu kusiriba nyumba kabla ya sikukuu ni jambo la kawaida. Lakini kwa mwanamke wa Kiingereza wa wakati ule lilikuwa somo kubwa kuliko la darasani: kwamba wanawake wa nchi ile wana ujuzi ambao yeye hana, na kwamba nyumba yake haitakuwa nyumba mpaka akubali kufundishwa nao. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mary alilipokea jembe lake.

Mwaka 1824 misheni ilihamia karibu na chemchemi ya Kuruman, ambayo hata leo hutoa maji kama lita milioni 20 kwa siku. Robert, ambaye ufundi wake wa kwanza ulikuwa bustani, alichimba mifereji akapanda nafaka, mboga na miti ya matunda. Akajifunza Kitswana, akaifasiri Injili ya Luka iliyochapishwa mwaka 1830, na Biblia nzima ikamalizika mwaka 1857. Kanisa kubwa la mawe lilifunguliwa mwaka 1838, na linasimama mpaka leo.

Gharama iliyolipwa na watoto

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Robert na Mary walijaliwa watoto kumi, na watatu wakafa wangali wadogo. Waliokua walipelekwa shule mbali, safari ya majuma mengi, na mama akabaki na vitanda vitupu. Baba naye hakuwapo kila mara. Mwishoni mwa mwaka 1829, kwa mfano, alikuwa safarini kwenda kwa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, huku mkewe akitunza nyumba na misheni pamoja.

Msimu wa sikukuu uliokuwa mzito kuliko yote ni ule wa mwisho wa 1838 na mwanzo wa 1839. Jamaa ilikuwa imeteremka Cape Town ili kupanda meli kwenda Uingereza, kuchapisha Agano Jipya la Kitswana. Melini mlikuwa na ugonjwa wa surua. Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, na siku chache tu baadaye mwanawe James, mwenye umri wa miaka sita, akafa. Mama alikuwa bado kitandani, mtoto mmoja akimnyonyesha na mwingine akimlilia.

Miaka mitano baadaye, Desemba 1843, walirudi Kuruman. David Livingstone, mmisionari kijana, alitoka kwa farasi kwenda kuwalaki njiani. Januari 1845 alimwoa binti yao wa kwanza, aliyeitwa Mary kama mama yake. Watswana walimwita mama huyu kijana MaRobert, yaani Mama Robert, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama vile sisi tunavyoitana.

MaRobert alilijua neno kutengana kuliko hata mama yake. Aprili 1852 mumewe alimpandisha meli Cape Town pamoja na watoto wanne, waende Uingereza, naye akarudi bara kwa safari zake. Miaka minne na zaidi mama huyu aliishi bila nyumba yake mwenyewe, mara kwa jamaa, mara katika vyumba vya kupanga, fedha zikiwa haba. Livingstone alitua Uingereza Desemba 1856. Magazeti yalimshangilia kama shujaa aliyevuka Afrika. Kwa watoto wale, sikukuu hiyo ilikuwa ya kumfahamu upya baba yao. Mary Livingstone alifariki Aprili 1862 huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ya Msumbiji ya leo.

Desemba ya magari mawili

Desemba 1859 mzee Robert, aliyezaliwa tarehe 21 Desemba 1795, alitimiza miaka 64 akiwa mbali na mkewe. Alikuwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akimsaidia mwanawe John na mkwewe Emily kufungua misheni ya Inyati kwa Wandebele. Emily alikuwa mjamzito, na nyumba haikuwapo. Makao yao yalikuwa magari yaliyowaleta. Mtoto wake alizaliwa huko mwaka 1860.

Wakati huohuo kundi lingine, la jamaa za Helmore na Price, lilikuwa likivuka nchi kame kuelekea Linyanti. Bibi Helmore aliandika kwa dada yake juu ya watoto wake waliolilia maji. Walifika Februari 1860, na katika miezi michache homa ikawachukua Bwana na Bibi Helmore, wawili kati ya watoto wao wanne, pamoja na mke wa Bwana Price na mtoto wao mchanga.

Roger Price alisalimika. Baadaye akamwoa Elizabeth Moffat, yule mtoto aliyezaliwa melini. Ndiye huyohuyo aliyekuja kwetu Tanzania mwaka 1876, akasafiri na maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kujaribu kama magari ya ng'ombe yangefaa katika njia ya Ziwa Tanganyika. Jaribio lililofuata lilishindwa kwa sababu ya mbung'o.

Tujifunze nini?

Wapo watakaosema kwamba wazazi hawa waliwatesa watoto wao bila sababu. Wengine watawasifu kana kwamba hawakuwa na machozi. Tusifanye lolote kati ya hayo. Kazi yao ilikuwa kubwa, na gharama yake ilikuwa kubwa pia, na sehemu nzito ya gharama hiyo ilibebwa na wale ambao hawakuulizwa. Familia inayotumwa leo ina simu, ndege na chanjo ya surua. Kwa hiyo haina budi kujiuliza mapema: watoto watasoma wapi? Baba atakuwa nyumbani siku gani? Kanisa linalotuma nalo lijiulize ni nani atakayewapigia simu mwezi wa Desemba.

Jambo la pili ni kukubali kukaribishwa. Anayeishi kusini mwa Afrika leo atakuta sikukuu iliyojaa. Shule hufungwa mapema Desemba, na wanaofanya kazi migodini na mijini hurudi makwao. Afrika Kusini, tangu mwaka 1995, huadhimisha tarehe 16 Desemba kuwa Siku ya Maridhiano, na tarehe 26 ni Siku ya Nia Njema. Botswana hupumzika tarehe 1 na 2 Januari. Watswana huiita Krismasi Keresemose. Watoto huvaa nguo mpya, nyumba nyingi hutengeneza kinywaji cha tangawizi, na Zimbabwe wali kwa kuku ndio chakula cha siku hiyo. Mama mgeni anayejifungia ndani akisikitikia pilau ya kwao atakosa yote hayo. Akimwomba jirani amfundishe kutengeneza kile kinywaji, atakuwa amepata dada, na watoto wake watapata shangazi.

La tatu, tuandike, au tupige simu, bila kungoja mpaka tuwe na habari nzuri. Barua za Mary hazikuficha vumbi, viroboto wala huzuni. Ndiyo maana wazazi wake waliendelea kumjua binti yao kwa miaka mingi bila kumwona.

Robert na Mary waliondoka Kuruman Machi 1870, wazee na wachovu, wakarudi Uingereza. Sikukuu ya mwaka huo Mary aliikuta katika ile baridi ya utoto wake. Siku chache baada ya mwaka mpya, Januari 1871, akalala usingizi wa mauti mjini London. Alikuwa ametoka kwao akiwa msichana. Aliporudi, wengi wa watu aliowazoea, majirani na makaburi ya watoto wake vilikuwa Afrika.

Mama msomaji, huenda mwaka huu wewe utakuwa nyumbani, katikati ya watu wako. Basi tazama upande wa pili wa ua. Je, hakuna familia mtaani kwako iliyotoka mbali, ambayo haina pa kwenda siku hiyo? Ongeza kikombe kimoja cha mchele, kisha mtume mtoto akawaite.