Karatasi ya Kaye Inakusanya Jamaa

Ndugu musomaji, jambo hili unalijua. Baba anarudi kutoka kazi ya mushimo, ananawa, anakula bukari, na watoto wakimukaribia anasema: "Nimechoka, muniache kwanza." Si kwamba hawapendi, nguvu ndiyo imeisha. Lakini siku zinapita, na mutoto anazoea kumujua baba yake kwa viatu tu, vile vya matope vyenye kubaki kwenye mulango.

Leo tunakuletea muchezo wenye kufanywa mukiwa mumekaa, bila kuomba makuta: kukunja karatasi. Wajaponi wanauita origami: ori ni kukunja, kami ni karatasi. Makasi hapana, gundi hapana.

Usiseme ni mambo ya watoto tu. Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka wa 1911, alikuwa mufanyakazi wa kiwanda. Kule alifundisha vijana wa kazi hesabu za jometri kwa kukunja karatasi. Kisha akavumbua mifano maelfu, na kitabu chake cha mwaka 1954 kikaweka msingi wa alama za mishale na mistari ambazo vitabu vya origami vinatumia mpaka leo.

Anzeni na kichwa cha imbwa:

1. Twaa ukurasa wa kaye iliyokwisha. Chukua pembe moja ya juu, uishushe mpaka upande mufupi ulale juu ya upande murefu. Kipande kinachobaki chini, ukikunje huku na huku, kisha ukipasue. Fungua: uko na karatasi yenye pande ine sawasawa.

2. Ikunje pembe kwa pembe, ipate pande tatu. Weka upande murefu juu, ncha itazame chini.

3. Pembe mbili za juu, zikunje zishuke kidogo kwa mushazari. Ni masikio.

4. Ncha ya chini, ipandishe kidogo. Ni kinywa. Chora macho na biki. Imbwa iko tayari!

Kila mara unapokunja, pitisha ukucha juu ya mustari, usifanye haraka. Tena, mama na baba, musinyanganye mutoto karatasi ili mumutengenezee. Wewe kunja yako, yeye akunje yake. Mikono yenye kuzoea nyundo na paawo pengine itachelewa, na binti yako wa miaka nane atakupita. Atasema: "Baba, si vile, angalia!" Kubali akufundishe. Mikono ikiwa na kazi ndogo, kinywa nacho kinafunguka, na utasikia habari za masomo na za marafiki ambazo hukuziuliza.

Siku ingine mutajaribu korongo, ile ndege ya shingo ndefu. Ni ngumu zaidi, lakini iko na neno la kuwaambia watoto. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili wakati bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka wa 1955 alilazwa hospitali na kansa ya damu. Wajaponi wanasema mwenye kukunja korongo elfu moja anapata haja ya moyo wake. Sadako alizikunja, hata kwa karatasi za kufungia dawa. Alikufa tarehe 25 Oktoba ya mwaka ule, akiwa na miaka 12.

Na uraniamu? Sehemu kubwa ya ile Waamerika walitumia katika mupango wao wa siri wa kutengeneza bomu ilitoka katika udongo wetu wa Katanga, kule Shinkolobwe, karibu na Likasi. Basi mutoto wa muchimbaji akikunja korongo, hashiki habari ya mbali. Mwambieni polepole, kadiri ya umri wake.

Lakini hiyo ni ya kesho. Kwa leo jioni imbwa inatosha. Musingoje siku ya mapumuziko. Hapo nyumbani hamukosi kaye moja ya zamani. Ileteni kwenye meza, baba naye avute kiti.