Je, Wajua Mbu Alithibitishiwaje Hatia?

Wakaao milima ya Usambara walikuwa na neno moja kwa mambo mawili: mdudu awaumaye wanaposhuka nyikani walimwita mbu, na homa waliyorudi nayo mlimani, nayo wakaiita mbu; habari hiyo tabibu Mjerumani, Robert Koch, aliisikia na kuiandika mwaka 1898. Wazee wale walisema kweli. Lakini mabingwa wa Ulaya nao, kwa karne nyingi, walisadiki kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya ya vinamasi, na hiyo ndiyo maana ya neno malaria kwa Kitaliano. Wala hawakukosa ushahidi, kwani alalaye karibu na kinamasi huugua kweli. Basi zikutanapo itikadi mbili, kila moja na mashahidi wake, ya haki hutambulikanaje?

Mwaka 1880, huko Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona katika damu ya wagonjwa vijidudu hai vya malaria, ila haikujulikana vimeingiaje mwilini. Patrick Manson, ambaye zamani alipokuwa China aligundua kuwa mbu hufyonza vijidudu vya matende, akatoa dhana kwamba mbu huchukua na hivi pia, kisha hufia majini, na watu wakayanywa maji hayo. Dhana hiyo nusu yake ilikuwa makosa, lakini ilikuwa na sifa ipitayo zote: iliweza kujaribiwa, na ikijaribiwa iliweza kushindwa.

Aliyeijaribu ni Ronald Ross, tabibu wa jeshi huko India. Aliwanywesha watu maji waliyofia mbu, na mtu wa kwanza akashikwa na homa! Mwenye pupa angalitangaza ushindi siku ile ile. Ross akalirudia jaribio kwa wengine, na alipoona kwamba aghalabu hawapatwi na neno, akaiacha hoja ya maji. Mimi namstahi kwa siku hiyo kuliko kwa siku aliyofaulu.

Takriban miaka miwili alipasua mbu chini ya hadubini asione kitu, kwa kuwa walikuwa wa jinsi isiyohusika, hata Agosti 1897, mjini Secunderabad, akaletewa mbu wa rangi ya kahawia wenye mabawa ya madoadoa. Akawaacha wamuume mgonjwa, ambaye alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyeshiba, na tarehe 20 akaona katika ukuta wa tumbo la mmoja wao chembe ngeni zenye punje nyeusi, mfano wa zile zionekanazo katika damu ya wenye malaria. Kesho yake akapasua mwingine wa kundi lile lile: chembe zilikuwa zimekua, na kikuacho ki hai. Mwaka uliofuata, huko Calcutta, alivifuata vijidudu vya malaria ya ndege kutoka tumboni mwa mbu mpaka kwenye tezi za mate, na mbu hao wakaambukiza ndege wazima. Na huko Italia, Giovanni Battista Grassi na wenzake wakahakikisha kwamba kwa binadamu mwenye hatia ni mbu wa jinsi iitwayo Anofelesi.

Hata hivyo Manson alitaka burhani isiyoacha shaka. Kiangazi cha 1900 matabibu wawili, Sambon na Low, walikaa katika kibanda kilichowekwa wavu madirishani, karibu na Ostia, nchini Italia, penye homa kali kabisa. Wakavuta hewa ile ile ya usiku waliyovuta jirani zao, na hadhari yao ilikuwa moja tu, kuingia ndani kabla jua halijatua. Jirani wakaugua, wao wakatoka wazima. Wakati huo huo mbu waliomuuma mgonjwa wa malaria mjini Roma walipelekwa London, mji usio na homa hiyo, wakamuuma kijana wa Manson mwenyewe kwa ridhaa yake. Mwezi wa Septemba alishikwa na homa, na damu yake ilipotazamwa, vijidudu vya Laveran vilikuwamo.