Bamvu la mawe: jibu nililokosea barazani

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, mtoto wa ndugu yangu aliye kidato cha tatu alinikuta barazani na wazee, akanitupia swali. "Ami, Mshtarii iko mbali na jua, huko ni baridi tupu. Vipi basi mmoja katika miezi yake una milima inayotapika moto?"

Kwa kuwa pale barazani mwenye diploma ni mimi, sikutaka kuaibika. Nikajibu upesi kwamba Mshtarii ni sayari kubwa yenye joto lake, basi inaipasha miezi yake kama jiko linavyopasha sufuria. Wazee wakaafiki, kijana akaandika daftarini. Nilipofika nyumbani nikaingia kusoma, nikaona nimemwandikisha kosa. Makala haya ni kafara yangu.

Tuanze na hiyo baridi. Mshtarii iko mbali na jua zaidi ya mara 5 kuliko dunia yetu, na mwanga unaoifikia ni kama sehemu 1 kati ya 27 ya ule tunaoupata sisi. Ni kweli hutoa joto kutoka ndani yake, lakini likifika kwenye miezi yake ni dogo mno. Mwezi anaouulizia kijana unaitwa Io. Uso wake kwa kawaida uko kiasi cha nyuzi 130 chini ya sifuri. Na juu ya uso huohuo kuna volkano hai zaidi ya 400, zenye uji wa mawe unaopita nyuzi 1,200. Hakuna mahali pengine katika familia ya jua panapotapika moto kiasi hicho.

Sasa moto huo watoka wapi? Jibu sisi watu wa pwani tunalo mlangoni: kupwa na kujaa.

Kila mvuvi anajua kuwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvu. Katikati ya hapo huwa maji mafu. Sababu ni mvuto. Mwezi huvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo huinyoosha dunia kidogo. Bahari, kwa kuwa ni maji, ndiyo huonyesha wazi. Jua nalo likiwa kwenye mstari mmoja na mwezi, mvuto huongezeka na bamvu huja.

Geuza mambo. Dunia yetu inavutwa na mwezi mdogo, lakini Io inavutwa na jitu. Umbali kati ya Io na Mshtarii ni kilomita 422,000, si mbali sana na zile 384,000 zilizo baina yetu na mwezi wetu. Lakini Mshtarii ina uzito wa dunia 318. Mwezi wetu hutuzunguka kwa siku 27. Io humaliza mzunguko kwa saa 42 na kitu. Na kwa kuwa Io haina bahari, kinachopanda na kushuka ni ardhi yenyewe. Mawe magumu huinuka na kushuka hadi mita 100. Bamvu letu hapa Mombasa huwa la mita 3 na kitu, tena ni la maji.

Hata hivyo, kuvutwa peke yake hakuleti joto. Kama Io ingevutwa kwa nguvu ileile siku zote, ingenyooka mara moja ikatulia. Lakini njia yake si duara kamili. Mara inasogea karibu na Mshtarii, mara inakwenda mbali, kwa hiyo inabanwa na kulegezwa bila kupumzika. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara ishirini, kisha ukiguse pale ulipokunja. Utauona moto. Ndivyo Io inavyopikwa kutoka ndani.

Na kwa nini njia hiyo haijawa duara mpaka leo? Kwa sababu ya jirani zake. Io ikizunguka mara 4, mwezi wa Europa huzunguka mara 2, na Ganymede mara 1. Basi hukutana mahali palepale kila baada ya muda uleule, na kila wakikutana huvutana. Ni kama pembea za Idi: ukimsukuma mtoto kwa wakati wake, pembea haisimami.

Haya yalijulikana kwa hesabu kabla ya kuonekana. Mwanzoni mwa Machi 1979, Stanton Peale na wenzake wawili walichapisha kwamba Io lazima iwe imeyeyuka ndani. Siku chache baadaye, katika picha za chombo cha Voyager 1, Linda Morabito akaona wingu la volkano likiruka juu ya Io. Subhanallah.

Nguvu hiyohiyo kwingine haileti moto, inaleta maji. Europa imefunikwa na barafu, lakini wataalamu wanaamini chini yake kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote. Enceladus, mwezi wa Zohali, una upana wa kilomita 500 tu, karibu kama barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kilikuta unarusha mvuke na chembe za barafu kupitia nyufa za kusini mwake. Callisto, ulio mbali zaidi na Mshtarii na usiofuata ule mwendo wa wenzake, umebaki baridi, uso umejaa makovu ya kale.

Nilirudi barazani nikakiri kosa langu mbele ya walewale. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, hakuhitaji maelezo marefu. "Kumbe ni bamvu la mawe," akasema. Kijana akafuta jibu langu, akaandika la mzee.

Mzee huyo hakusoma fizikia, lakini hesabu ya maji anaijua kwa kichwa. Watoto wetu wanaikariri sayansi kwa ajili ya mtihani, wakidhani ni ya watu wengine, na wazee kama huyu wanaondoka mmoja mmoja bila kuulizwa. Wazazi na walimu, wapelekeni ufuoni siku ya bamvu, na mzee awe pamoja nao.