Watoto Wapime Mvua ya Shamba

Kila mwaka mvua zinapokaribia, wako wakulima wa Kitale na Bungoma wanaopanda mara tu baada ya manyunyu ya kwanza. Jua likirudi kwa wiki mbili, mbegu huharibika ardhini na fedha ya mbolea imekwenda bure. Wengine, kwa kuogopa hasara hiyo, hungoja mpaka wamechelewa, nao huvuna kidogo. Yafaa kujua ni mvua kiasi gani iliyoanguka katika shamba lako mwenyewe, na kazi hii watoto wenu wa shule wanaiweza.

Tafuta kopo lenye kitako bapa na pande zilizonyooka. Lifunge juu ya nguzo mahali peupe, mbali na paa na miti. Vituo vya hali ya hewa husoma saa tatu asubuhi, lakini mtoto na apime kabla ya kwenda shule, mradi saa iwe ileile kila siku. Atumbukize rula, aandike milimeta, kisha amwage maji. Rula nyingi zina nafasi kabla ya sifuri; ikatwe hapo, ama sivyo kila hesabu itapungua. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Daftari likiachwa tupu, nani atajua kama mvua haikunyesha au mtoto alisahau?

Milimeta 10 juu ya ekari moja ni lita 40,000 hivi. Mwambieni mtoto akadirie hayo ni madebe mangapi, nanyi mtaona anavyoshangaa.

Kabla ya kupima, kila mtoto aseme kwanza anavyodhani, na neno lake liandikwe. Kisha mchimbe kwa jembe mwone unyevu umefika wapi. Asiyekisia sawa asichekwe. Hata baba hukosea. Baada ya majuma machache watajua mvua ya namna gani hulowesha udongo na ipi hutuliza vumbi tu.

Ndivyo wafanyavyo wataalamu. Mbegu chotara H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilitoka katika kuchanganya mahindi ya Kitale na ya Ecuador, na kupima mavuno msimu baada ya msimu.

Daftari la mwaka mmoja halitabiri mvua ya mwaka ujao. Sikilizeni pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, mkaulinganishe na kopo lenu. Wala msitumie hesabu ya jirani wa ng'ambo ya mto: mvua yaweza kunyesha kwake, kwako pakawa pakavu.