Mdogo wako anakoroma? Mwambie daktari kabla ya dawa ya usingizi!

Iwe unakaa Tukuyu mjini, Kiwira, Katumba au Mwakaleli, huenda nyumbani kwenu kuna mtoto anayelia jino usiku kucha. Mama akimpeleka hospitali, mara nyingi wewe kaka au dada mkubwa ndiye unayemsindikiza. Je, unajua kwamba unayo habari ambayo daktari anaihitaji sana?

Mara nyingi jino la mtoto hung'olewa kwa ganzi tu. Anachomwa sindano kwenye ufizi, naye yuko macho. Lakini kuna watoto ambao ganzi peke yake haitoshi: mdogo sana, mwoga kupita kiasi, mwenye ulemavu unaomfanya asitulie, au mwenye meno mengi ya kutibiwa kwa mara moja. Hao huweza kupewa dawa ya kuwasinzisha, au nusukaputi kabisa, mahali penye mtaalamu wa usingizi na vifaa vyake. Ndiyo maana mtoto anaweza kupewa rufaa kutoka hospitali ya wilaya kwenda Mbeya.

Kwa nini wanapima njia ya hewa?

Dawa ya usingizi hulegeza misuli. Ulimi nao hulegea, ukarudi nyuma na kuziba koo. Mtoto ana ulimi mkubwa ukilinganisha na kinywa chake, na zile tezi za kooni tunazoziita tonsesi huwa kubwa zaidi katika umri wa miaka 3 hadi 7 hivi.

Tena bomba lake la hewa ni jembamba. Wanaosoma fizikia watanielewa: kipenyo cha bomba kikipungua nusu, hewa hupita kwa ugumu mara 16. Na kila kilo ya mwili wa mtoto mdogo hutumia oksijeni karibu mara 2 ya mtu mzima. Kwa hiyo pumzi ikikatika, muda wa kumwokoa ni mfupi sana.

Daktari anaangalia nini?

Anaangalia mdomo unafunguka kiasi gani, kama taya la chini ni dogo, na kama shingo inainuka vizuri. Anasikiliza kifua. Anatafuta meno yanayocheza, maana jino likidondoka mtoto akiwa usingizini linaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Halafu anasema, "Fungua mdomo, toa ulimi." Anatazama kama kimeo kinaonekana. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1985 na Dk. Seshagiri Mallampati na wenzake huko Boston, Marekani. Kimeo kikifichwa na ulimi, kazi inaweza kuwa ngumu. Lakini mtoto mdogo akikataa kufungua mdomo, kipimo hakisaidii sana.

Wewe ndiye shahidi

Daktari anamwona mtoto kwa dakika chache, tena akiwa macho. Wewe unalala naye chumba kimoja, pengine kitanda kimoja. Basi ueleze haya:

1. Je, anakoroma karibu kila usiku? Pumzi hukatika kidogo halafu anashtuka? Hulala mdomo wazi?
2. Je, ana mafua, kikohozi au homa, au alikuwa navyo wiki chache zilizopita? Kwa mvua na baridi ya Rungwe tumezoea kusema "ni kamafua tu". Lakini koo lenye mafua hubana kirahisi.
3. Je, ana pumu? Yeye au ndugu yenu yeyote aliwahi kupata shida kwa dawa ya usingizi?
4. Amekula au kunywa nini, na saa ngapi?

Swali la 4 ndilo watu hudanganya. Mmetoka mbali, nauli imelipwa, na asubuhi mtoto kapewa chai ya maziwa na kiazi. Mama ananong'ona, "Usiseme, watatuahirisha." Hapo usinyamaze. Mwambie kwa heshima, "Mama, samahani, naomba tuseme." Mtoto akitapika usingizini, chakula huingia mapafuni, na anaweza kufa. Kwa kawaida hutakiwa kukaa masaa 6 bila chakula, uji au maziwa ya ng'ombe, masaa 4 bila maziwa ya mama, na masaa 2 bila maji. Fuata maelekezo mliyopewa na hospitali yenu.

Mkiahirishwa, msikasirike. Jino linaweza kusubiri siku chache, pumzi haisubiri.

Angalia! Kama uvimbe wa jino umeshuka chini ya taya, mtoto ana homa kali, hawezi kumeza mate au anapumua kwa shida, msisubiri tarehe mliyopangiwa. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.